Shangazi, Mwanahawa Atasema

Shangazi,

Shikamoo. Naanza na hiyo kwa sababu hata nikiwa na hasira kiasi hiki siwezi kukuandikia bila shikamoo, ndivyo ulivyonilea. Marahaba yako nitaipokea siku nyingine. Leo nisikilize mpaka mwisho, maana kwa mara ya kwanza hutaweza kunikatiza kwa kuniuliza kama nimekula.

Nakuandikia nikiwa hapa Kaole, kwenye meza yako ile yenye mguu mmoja mfupi. Nimeweka kipande cha boksi chini yake kama ulivyokuwa ukifanya, na bado inacheza. Nimekuja jana kutoka Boko kwa sababu kesho ni siku ya ushahidi. Mwanahawa, mwanafunzi wako, uliyemfundisha kuosha maiti, atasimama mahakamani aeleze alichokiona alipokuosha wewe. Umepita mwaka mmoja na miezi minne. Watu hapa bado wanasema "alipotutoka", "alipotangulia". Mimi nimekataa kusema hivyo. Wewe hukutangulia popote, Shangazi. Ulikabwa koo kitandani mwako, na aliyekukaba ni mtu uliyemfuata mwenyewe kwa miguu yako, ukamsalimia, ukakaa kwenye kiti alichokupa.

Asubuhi ile waliponipigia nilikuwa Mbweni, nimevaa ovaroli nyeupe na glavu, napima nyayo mchangani pembeni ya maiti ya mlinzi mmoja. Unaujua utaratibu wetu, ukiingia ndani ya utepe wa polisi simu inabaki garini. Nilipotoka nikakuta wamenipigia mara kumi na tisa. Nilipofika Kaole wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini wakikung'uta mchanga kwenye kanzu. Baba Mdogo Hamza akanishika bega. "Presha, mwanangu. Amekwenda usingizini, mwisho mwema." Na mimi, ambaye kila siku kazi yangu ni kumkatalia mtu anayesema presha kabla daktari hajasema, nikakubali. Nililia, nikala wali wa msiba, nikakubali. Hilo sijajisamehe, na usinibembeleze.

Tena ulikuwa umenipigia. Jumatatu ya wiki ile ile ulinipigia ukasema, "Zuhura, nina neno, lakini si neno la simu. Njoo." Nikakuambia kazi imebana, nitakuja Jumapili. Ukajibu, "Haya, subira huvuta heri." Alhamisi wakakuzika. Nimelichukia neno hilo tangu siku ile, mtu akilisema mbele yangu natoka nje.

Unakumbuka mara ya kwanza uliponichukua kazini? Nilikuwa na miaka kumi na sita, ukaniambia nikushikie kopo la maji ya mkunazi. Marehemu alikuwa Bi Salama wa nyumba ya nyuma, aliyekuwa akitufokea kwa ajili ya mbuzi wake. Nilitetemeka hata maji yakanimwagikia miguuni. Ukaniambia bila kuinua kichwa, "Wa kuogopwa ni aliye hai. Huyu hana tena neno na mtu, hata la mbuzi." Nikacheka, palepale mbele ya maiti, na wewe ukajifanya hukusikia. Tulipomaliza ukanionyesha ufuo, lile shimo lililochimbwa uani chini ya kitanda ili maji yote aliyooshewa yaingie humo. Ukalifukia kwa jembe, ukakanyaga udongo kwa mguu, ukasema, "Ya ufuoni yaishie ufuoni." Ndiyo ilikuwa sheria yako. Mwosha akiona nuru usoni mwa maiti, aseme watu wafurahi. Akiona kidonda, alama, aibu ya mwili, anyamaze mpaka naye aoshwe.

Nilipohitimu na kuingia kitengo cha uchunguzi wa kisayansi uliwatania majirani: "Zuhura amesoma miaka mitatu kuja kufanya kazi yangu, ila yeye anavaa glavu." Tukacheka sote. Hatukuwahi kukaa chini tukaizungumza tofauti yenyewe, kwamba wewe unafunika na mimi nafunua. Tuliifanya utani.

Sasa nikueleze nilivyojua.

Siku ya hitima nilimkuta Mwanahawa jikoni anapanga sahani. Nikamuuliza tu, kama mtu anavyouliza, "Ulimkutaje Shangazi?" Akasema, "Alikuwa na nuru." Nikamuuliza tena. Akasema, "Alikuwa mwepesi, hakutusumbua." Mara ya tatu mkono wake ukapanda, ukashika shingo yake mwenyewe, ukashuka. Shangazi, mimi nimehoji watu miaka tisa. Mikono ya watu naijua. Lakini nikajiambia, huyu ana majonzi, muache.

Nilimuacha mpaka arobaini yako. Siku hiyo nikamfungia mlango wa jiko na kumuuliza kama ninavyowauliza watu wabaya. Nilipandisha sauti. Nilipiga kabati lako kwa kiganja hata kikombe chako cha bluu kikaanguka, ndiyo maana hukioni tena. Mwanahawa akalia kilio cha chini, akasema, "Bi Tatu ndiye aliyenifundisha. Wewe unajua alivyonifundisha."

Nilijua. Ndipo hasira ikabadilika mahali pa kukaa, ikatoka kwake ikaja kwako.

Akanieleza. Alikuwa yeye peke yake aliyeingiza mikono chini ya shuka, wale wawili wengine walikuwa wanamimina maji tu. Aliona vidoti vyekundu kwenye weupe wa macho yako. Aliona alama mbili chini ya taya upande mmoja na moja upande wa pili, pana, saizi ya dole gumba. Na ngumi yako ya kulia ilikuwa imefungwa hata akaifungua kwa maji ya moto, kidole kimoja kimoja. Ndani yake mlikuwa na kifungo cha shati, bado kina uzi na kipande cha kitambaa. Akakitazama. Kisha, kwa kuwa ulimfundisha vizuri mno, akakiachia kikashuka na maji ufuoni, akakusafisha kucha kwa pamba, akakuvisha sanda, akatoka akawaambia watu una nuru.

Nilimuuliza kwa nini, na ndipo akanitajia Rehema.

Kwa hiyo Rehema ulimwosha wewe. Yule binti wa watu, mke wa muuza vipuri vya bodaboda pale Dunda. Walisema ameteleza bafuni. Mlimwosha wewe na Mwanahawa, miezi miwili kabla yako, na mliona alama zile zile. Mwanahawa alikutazama, wewe ukatikisa kichwa, basi. Ukafukia shimo. Ukakanyaga kwa mguu. Binti wa miaka ishirini na tatu, Shangazi, na una mtoto wa ndugu yako ambaye kazi yake ni hiyo, namba yake iko ya kwanza kwenye simu yako, imeandikwa kwa herufi kubwa ili uisome bila miwani.

Niliposikia hivyo nilitoka nje nikatapika.

Sitaki kukudhulumu. Mwanahawa aliniambia pia kwamba tangu siku ile hukulala vizuri, ulikuwa unaamka unakaa barazani. Aliniambia Jumatatu ulisema, "Namwita Zuhura." Na mimi nikasema Jumapili. Kwa hiyo Jumanne ukajifunga baibui, ukamchukua Mwanahawa akusindikize, mkaenda Dunda dukani kwa mume wa Rehema. Mwanahawa alikaa nje kwenye matairi. Wewe uliingia ukakaa naye kama nusu saa. Ulipotoka ukamwambia, "Nimempa mpaka Ijumaa aende kituoni mwenyewe. Akienda mwenyewe ndiyo toba."

Mpaka Ijumaa!

Nani anafanya hivyo? Nani anakwenda kwa mtu aliyeua mkewe kwa mikono, anamwambia najua, halafu anampa siku tatu za kufikiri? Nimekutana na wauaji wengi kuliko wewe ulivyokutana na madaktari, na hakuna hata mmoja aliyehitaji siku tatu. Ulitaka asitirike. Ulitaka aingie kituoni kwa mlango wa mbele, kichwa chake juu, mama yake asiaibike. Ulimhifadhia hadhi yake hata yeye, kama vile naye alikuwa amelazwa mbele yako na maji yanamiminwa. Jumatano usiku aliruka ua wako.

Wenzangu ofisini waliposikia walitikisa vichwa, wakasema bibi alikuwa mwema mno. Mimi nilikuwa mkali nao. Wema gani huo? Wema wako ulimpa mtu nafasi ya kuua mara ya pili. Nimekuandikia hilo kwa mkono wangu na sitalifuta.

Kesi sikuigusa. Nilimpelekea Afande Komba, yule mwenzangu wa Songea uliyempa vitumbua akasema kwao havipo vya namna hii. Akaniambia, "Zuhura, wewe ni ndugu wa marehemu. Ukigusa hata kijiko ndani ya nyumba ile, wakili wa mtuhumiwa atatuchana. Kaa kwenye mkeka na wafiwa wenzako." Nikakaa kwenye mkeka. Miaka tisa naingia kwenye majumba ya watu nikiwaambia ndugu wakae pembeni, sikuwahi kujua mkeka unachoma namna ile.

Kabla ya hapo kulikuwa na kikao cha ukoo. Baba Mdogo Hamza alisema nitakuvunjia heshima, kwamba kaburi likishafungwa limefungwa. Shangazi zangu wa Fukayosi walikuja na gari zima kuniambia nina wazimu wa kizungu. Shehe akasema sitara ni ya aibu ya maiti, si ya dhambi ya aliyemuua, na kama kuna dhuluma na hakimu ameamuru, basi kaburi lifukuliwe kwa adabu. Hamza hajaniongelesha tangu siku hiyo. Tukipishana ananiitikia salamu anatazama ukuta.

Walikufukua asubuhi, wakiwa wamezungushia turubai. Nilisimama nje ya turubai nikisikia majembe tu. Daktari alikuwa mpole. Alitoka akavua glavu, akamwambia Komba, na Komba akaja kuniambia kwamba kimfupa kidogo cha kooni, kile kinachokaa chini ya ulimi, kimevunjika pande zote mbili. Presha haivunji mfupa.

Kisha wakaja nyumbani. Komba alizunguka uani kwako na kamera yake, akasimama karibu na mgomba. "Hapa udongo umechimbwa. Palikuwa na nini?" Kwao hawachimbi shimo kama hilo, hakujua. Nikamweleza kutoka mkekani, kwa sauti, bila kuinuka, na Mwanahawa akaonyesha kwa kidole. Walichimba kwa mwiko, tabaka kwa tabaka, wakachekecha udongo wote kwenye chekecheo la unga, mjumbe wa shina akishuhudia na kutia sahihi. Kifungo kilikuwa chini kabisa, kimeshikana na pamba. Komba alikiinua kwa kibano, akakiweka kwenye bahasha ya khaki, akaandika. Shati lenyewe walilikuta nyumbani kwa mume wa Rehema, limefuliwa, limepigwa pasi, limetundikwa. Halikuwa na kifungo cha tatu na kitambaa kimechanika palepale.

Utasema basi imekwisha. Haijaisha. Wakili wake anasema kifungo kilikaa wiki nane kwenye shimo la maji machafu, na mtu yeyote angeweza kukitumbukiza, hata mimi niliyekuwa naingia na kutoka humu. Hapo ana hoja, na sipendi kukiri. Na Rehema ni shida zaidi. Walimfukua naye, wazazi wake wakaridhia, na kimfupa chake kilikuwa kizima. Daktari alieleza kwamba mifupa ya vijana hupinda bila kuvunjika. Nyama ilikuwa imekwisha. Kwa hiyo hakuna kitu duniani kinachosema Rehema aliuawa isipokuwa macho ya Mwanahawa, kwa sababu macho mengine yaliyoona yalikuwa yako. Kielelezo chetu chote sasa ni mdomo wa mwanamke mmoja.

Na mwanamke huyo umemfunga mdomo wewe.

Hawamwiti tena kuosha, unajua? Huku Kaole wanachukua mwosha wa Bagamoyo mjini. Wanasema Mwanahawa atakwenda kuwasema kituoni. Kuku wako aliwachukua yeye, wanataga vizuri, ila amekonda. Mama wa yule mwanaume anapita mlangoni pake kila asubuhi na kusimama. Hasemi kitu, anasimama tu. Kuna siku nilimkuta, nikamsalimia, akaniitikia vizuri kabisa, na mimi nikashindwa kumchukia kama nilivyokusudia.

Jana jioni Mwanahawa alikuja hapa. Alikaa chini, akakataa kiti. Nikadhani anakuja kuniambia hatakwenda mahakamani. Akasema, "Shehe amesema nimesikia. Afande amesema nimesikia. Lakini Bi Tatu ndiye aliyeniweka kwenye kazi hii, na niliahidi kwake. Kesho kutwa nitasimama mbele ya wanaume nieleze mwili wake ulivyokuwa. Sina radhi yake, Zuhura. Nitasemaje bila radhi ya mwalimu wangu?"

Nilikuwa na majibu mengi. Ningeweza kumwambia mahakama inaweza kumlazimisha. Ningeweza kumpandishia sauti tena, jiko ni lilelile. Nilimtazama nikaona anatetemeka kama mimi na lile kopo, na wewe hukuwepo wa kumwambia neno la mbuzi.

Basi nilifanya jambo ambalo hukunituma. Niliinuka nikamwekea mkono kichwani, mimi niliye mdogo kwake kwa miaka kumi na miwili, nikasema, "Mimi ni damu yake. Hana mtoto mwingine. Kwa niaba yake nimekupa radhi, dunia na akhera. Sema ulichoona, chake na cha Rehema." Alilia mpaka mtandio ukalowa. Kisha akaosha uso, akaniuliza avae nguo gani.

Sikukuomba ruhusa, Shangazi. Sijui ungetoa au ungetikisa kichwa kama ulivyotikisa siku ya Rehema. Nimekaa usiku kucha na swali hilo na sina ushahidi wa upande wowote. Ninachojua ni kwamba Jumatatu ile ulichukua simu. Mtu anayetaka kunyamaza hapigi simu kwa askari. Hapo ndipo nimeisimamisha radhi niliyotoa, na kama nimekusemea uongo, nitaulizwa mimi, Mwanahawa asiulizwe kitu.

Kesho mashahidi wataitwa saa tatu. Watasema alama za shingo yako, macho yako, ngumi yako, mbele ya watu waliokuwa wakikuamkia njiani. Wataona picha. Hamza amesema hatakuja, lakini ameuliza mahakama inaanza saa ngapi. Mimi nitakaa benchi la kwanza, mahali ambapo Mwanahawa akiinua macho ataniona, na sitainamisha uso hata watakapofika kwenye yale ambayo ungeona afadhali ufe mara ya pili kuliko kuyasikia yakitajwa.

Nakuaga, mama yangu wa pili. Sijamaliza kukukasirikia na sidhani kama nitamaliza mwaka huu. Nakuahidi hili: jina la Rehema litatajwa kwanza, kabla ya lako, nimemwomba mwendesha mashtaka hivyo na amekubali. Ulimfunika yeye kabla hujafunikwa wewe. Kesho tunamfunua yeye kwanza.

Mwanao,
Zuhura